Maziwa ya Mwenye Maji

Mtoto mchanga haringi. Mtu mzima atasusa chakula kwa sababu kagombana na aliyekipika, lakini mtoto wa miezi minane akiona titi la mamake hana mjadala. Ndiyo maana siku ile Dado aliporudi kutoka kazini, akaketi kitandani kwake pale Minjila hata viatu hajavua, akampakata Nuh, na Nuh akainusa nguo yake mara moja kisha akageuza uso, mama mkwe wake Abdia aliuacha mchele aliokuwa akiupepeta.

“Hataki?” Abdia akauliza.

“Labda ameshiba, Mama.”

“Ameshiba nini? Tangu jana analia. Uji nimempa, kautema. Alikuwa anakungoja wewe.”

Dado akamgeuzia upande wa pili. Nuh akakaza midomo, akapiga kelele za hasira na kumsukuma mamake kwa vingumi vyake vidogo. Dado akajikamua kiganjani aone kuna nini. Kilichotoka kilikuwa chepesi, rangi yake kama maji ya mto wakati wa mafuriko, na kilinuka tope. Akakifuta haraka kwenye leso kabla Abdia hajageuka.

Hapo sasa nataka mumwangalie vizuri huyu Dado. Mtu asiye na hatia angepiga ukunga, angesema, Mama njoo uone. Yeye alifuta.

Kisa chenyewe kilianza kabla treni haijafika. Wafugaji wa mto Tana wana malka, yaani njia ya kushukia mtoni ng'ombe wakanywe, na kila malka ina wenyewe. Ya kina Abdia iko karibu na Garsen, na tangu enzi za mabibi zao, anayevuka mto pale humwaga maziwa kidogo majini kabla hajavuka, akamsalimu Mwenye Maji. Ni nani huyo Mwenye Maji? Ukiwauliza wazee hutazama pembeni. Imamu alikwisha kulikemea jambo hilo, akasema ni ushirikina, na hakuna aliyebishana naye. Lakini wanawake waliendelea kumwaga kimyakimya, maana kuna mambo mtu hayafanyi kwa kuyaamini, huyafanya kwa kuogopa kuyaacha.

Basi walipokuja watu wa reli, wakataka kupitisha daraja juu ya malka ile, wazee waliweka sharti moja tu: treni isivuke bila salamu. Watu wa reli wakacheka, wakasema haya, tupeni mtu wenu na maziwa yake. Akachaguliwa Dado. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alikuwa ameolewa katika nyumba ya Abdia, ambayo ndiyo yenye kazi ya maziwa tangu zamani. Akavishwa sare ya buluu, akapewa behewa lake la vitanda, akawa mhudumu. Kila akienda kazini, Abdia humpa kibuyu kidogo kilichofukizwa moshi hadi kikanukia, ndani yake maziwa aliyoyakamua kwa mkono wake mwenyewe.

Treni hiyo hutoka Lamu usiku, abiria wakalala, na alfajiri wanaamkia Nairobi. Na jamani, treni ile inakimbia! Safari ya kwanza Dado alisimama dirishani na kibuyu chake akingoja mto, na mto ukapita kabla hajamaliza Bismillahi. Tena madirisha yenyewe hayafunguki, ni kioo kizima, na milango hujifunga yenyewe. Afanyeje? Akakumbuka mjomba wake alivyokuwa akisimulia habari za treni ya zamani ya Mombasa, kwamba ukichungulia choo unaona kokoto zinakimbia chini. Safari iliyofuata akaingia chooni mapema, akatega sikio, na daraja lilipoanza kulia chini ya magurudumu akayamimina maziwa ya Mwenye Maji ndani ya choo, akabonyeza kitufe, fyuu, yakaenda. Akatoka akijipongeza kwa akili zake.

Miezi miwili baadaye, Nairobi asubuhi, alimkuta Randu, fundi wa mabehewa, kijana wa Kigiriama mwenye maneno mengi, amechutama kando ya behewa lake akifunga bomba nene.

“Unafanya nini hapo?”

“Nafyonza uchafu wenu, dadangu. Ulidhani unaenda wapi?”

“Si huanguka njiani?”

Randu akacheka mpaka akashika mbavu. “Hizo ni treni za babu! Hii haidondoshi hata tone. Kila kitu kinaingia tangini, kinakaa humo, kinachacha humo, mpaka nije mimi. Nikufunulie uone?”

Dado hakutaka kuona. Alisimama pale akiyafikiria maziwa ya Abdia, maziwa ya salamu, yakikorogeka na mikojo ya watu wasiojua hata jina la mto.

Wakati huo angeweza kusema. Angerudi Minjila, akamweleza mama mkwe wake kwamba kosa limetendeka. Abdia angelia. Wazee wangekwenda kuketi juu ya reli, na kazi ingekwisha, na wanawake wa Garsen wangemnyooshea kidole sokoni: yule ndiye aliyemnywesha Mwenye Maji choo. Akajiambia atatafuta njia nyingine. Hakutafuta. Safari iliyofuata Abdia alimpa kibuyu kwa mikono miwili, akamwombea dua, naye akaitikia amina, na daraja lilipolia akaingia choo kilekile akamimina palepale. Afadhali angeyanywa! Lakini mkono ulikuwa umezoea, na moyoni alikuwa na kisingizio chake cha kijinga, kwamba bora anamwaga. Akafanya hivyo mwezi mzima, na mwingine, na mwingine, huku anajua.

Ndipo Nuh alipokataa ziwa.

Safari iliyofuata Dado alipanda treni na wasiwasi. Lakini walipoondoka Lamu alisikia kifua kikijaa, kikauma kama zamani, akaenda kujikamua kidogo kwenye sinki, na maziwa yakatoka meupe, mazito, mazuri. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Akajiambia yale ya juzi yalikuwa uchovu tu, au maji ya Nairobi.

Walipokuwa wamepita Witu, abiria wamezima taa zao, mama mmoja aitwaye Truphena akatoka kwenye chumba chake amejifunika blanketi, akamshika Dado mkono.

“Dada,” akanong'ona, “kuna mtu amejifungia chooni tangu tulipoondoka. Nimekwenda mara tatu.”

“Labda anaumwa tumbo.”

“Haumwi. Anakunywa.”

“Anakunywa nini?”

“Mimi sijui. Nimeweka sikio mlangoni, nasikia anakunywa.”

Dado akamrudisha kitandani kwa maneno mazuri ya kazi, akachukua ufunguo wake na kibuyu chake, akaufuata ujia wa behewa. Mlango wa choo ulikuwa na alama nyekundu ya kuonyesha kuna mtu. Aligonga. Hakujibiwa, lakini aliisikia sauti ile, na yeye, mtoto wa wafugaji, aliijua tangu utotoni: ni sauti ya ng'ombe mwenye kiu aliyezamisha pua majini, anavuta, anavuta, ila ng'ombe hupumzika akapumua, na huyu wa ndani hakuwa akipumua.

Akafungua kwa ufunguo wake. Chooni hapakuwa na mtu. Palikuwa na tope, tope laini la mtoni, limetandaa sakafuni na kupanda ukutani mpaka kwenye kioo, na harufu ya tope hilo ilikuja pamoja na harufu ya kibuyu cha Abdia, ule moshi wake mtamu, na chini ya harufu hizo mbili uvundo wa tangi, vyote vikamwingia puani kwa pamoja, na sauti ya kunywa ikawa inatoka chini, ndani ya tundu la choo, ikipanda, ikikaribia, na Dado akataka kurudi nyuma lakini mlango ulikuwa umejifunga mgongoni mwake, akataka kusoma Ayatul Kursi aliyoihifadhi tangu madrasa lakini ulimi ukawa mzito mdomoni, na wakati huohuo daraja likaanza kulia chini ya magurudumu, na sauti ile ya kunywa ikanyamaza ghafla kama mtu aliyeinua kichwa kukutazama, kisha Dado akasikia ubaridi unamgusa kifuani, juu ya sare yake ya buluu, na maziwa yake yote, yale meupe aliyokuwa amemwekea mwanawe, yakaanza kumtoka, hayakudondoka, hayakulowesha nguo, yalikuwa yanavutwa, taratibu, kwa utulivu wa mtu anayechukua kilicho chake, mpaka daraja likaisha, na kifua kikawa kitupu kama kibuyu kilichopinduliwa.

Truphena ndiye aliyemkuta ameketi ujiani, kibuyu kimepasuka kando yake.

“Umemwona?” Truphena akauliza, meno yakigongana.

“Hakuna mtu,” Dado akasema. “Ni bomba tu limeharibika.”

Nuh akaanza kupungua. Kwenye zahanati walimpima wakasema hana homa, hana malaria, mpeni maziwa ya kopo. Maziwa ya kopo aliyarudisha yote. Ya ng'ombe aliyarudisha. Ya mbuzi pia. Utosi wake ukabonyea, macho yakawa makubwa, na kilio chake kikapungua hadi kikawa kama mlio wa paka aliye mbali. Suleiman, baba yake, alikuwa na mifugo huko Chewele, akawa anapiga simu kila jioni. “Anaendeleaje mwanangu?” Na Dado alikuwa akijibu, “Anaendelea,” kisha anakata simu na kulia ndani ya leso. Usiku alimlaza mtoto juu ya kifua chake kitupu, akamwambia sikioni, “Ni mimi, baba. Ni mimi nimekufanyia haya.” Kwa mtoto asiyeelewa maneno ilikuwa rahisi kusema.

Mfa maji haachi kutapatapa. Abdia, mwanamke wa swala tano, alijifunika uso asitambuliwe, akawachukua Dado na mtoto mpaka soko la Garsen kwa Kabibi. Kabibi ni Mgiriama, muuza samaki wa kukaanga, na watu wanajua kwamba ana mambo yake mengine ambayo hakuyaomba na hayapendi. Waliposimama mbele yake alikuwa anapaa perege, na hakuacha.

“Samaki au shida?” akauliza.

“Shida, dadangu,” Abdia akasema. “Mjukuu wangu anakwisha.”

Kabibi hakumtazama mtoto. Alimtazama Dado, kifuani, kisha usoni. “Mtoto hana kitu. Ana njaa tu. Anayenyonywa ni huyu.”

Abdia akaketi chini palepale penye magamba ya samaki.

“Kuna mtu mlizoea kumpa maziwa,” Kabibi akaendelea. “Hamkumpa. Amekuja kuyachukua mwenyewe.”

“Hajanyimwa!” Abdia akasema. “Wallahi hajanyimwa! Kila safari nakamua mimi, natia mimi, nampa huyu mkononi!”

“Na huyu anamwaga wapi?”

Kisu cha Kabibi kikasimama. Dado akaona hana pa kukimbilia.

“Chooni,” akasema polepole. “Treni haina dirisha la kufunguka. Nilidhani yanaanguka mtoni.”

“Chooni!” Abdia akaziba kinywa kwa mikono miwili. “Ya Rabi! Chooni, Dado?”

“Nilidhani yanaanguka, Mama.”

“Na ulijua lini kwamba hayaanguki?” Kabibi akauliza.

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa tayari ulimini. Lakini Abdia alikuwa amemwinulia macho, macho ya mtu anayeomba asiambiwe jambo baya zaidi ya lile alilokwisha kuambiwa. Dado akamtazama perege.

“Juzi,” akasema. “Fundi aliniambia juzi.”

Abdia akashusha pumzi. “Umesikia? Hakujua, maskini. Mtoto wa watu hakujua.”

Kabibi alimkazia Dado macho mpaka nzi wakamtua mikononi. Kisha akarudia kupaa samaki wake. “Haya. Safari ijayo treni isimame juu ya maji. Utaisimamishaje mimi sijui, mimi si dereva. Mlango ufunguliwe, umwage kwa mkono wako, umwambie ulivyofanya. Jinsi ulivyofanya, usiyapambe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi ukinidanganya sidhuriki, mimi muuza samaki. Yeye usimdanganye.”

“Twende wote, Bibi,” Dado akasihi.

“Nipande kile kitu? Kinakimbia hivyo na miguu hakina? Hata!”

Basi wakaenda Lamu watatu, Dado, Abdia na mtoto. Abdia alitaka ashuhudie, na Nuh hakuwa wa kuachwa tena, maana kila pumzi yake walikuwa wanaingoja. Dado akawaweka katika chumba cha kwanza karibu na mlango wa behewa, kibuyu kipya mapajani mwa Abdia. Kichwa cha Nuh kilikuwa kinalegea kila treni ilipokata kona. Hakuwa akilia kabisa.

Treni ya kasi ile haisimami kama punda. Dado alikuwa amempigia Randu simu mchana akamuuliza kama mzaha, ukivuta breki ya dharura inaburura umbali gani, naye Randu, kwa kupenda kujionyesha, akamweleza yote. Kwa hiyo baada ya Witu alisimama chini ya mpini mwekundu wa breki, ameshika kibuyu, akihisi kifua kikijaa tena, kikijazwa, kama mtu anavyomlisha ng'ombe ili aje kumkamua. Taa za kando ya reli alizoelekezwa na Randu zilipopita dirishani akavuta.

Wee! Chuma kililia, mizigo ikaanguka kutoka vitandani, watu wakapiga kelele gizani, watoto wakaita mama zao, treni ikaburura, ikaburura, mlio wa daraja ukaingia chini yao ukiwa mzito na wa polepole kuliko Dado alivyowahi kuusikia, na ikasimama. Akavunja kioo cha kitasa cha dharura, akausukuma mlango. Hewa ya mto ikaingia, ya moto na ya majani yaliyooza. Chini kulikuwa na maji meusi.

“Nani amevuta?” Tsuma, mkuu wa treni, alikuja mbio na tochi, shati limemtoka suruali. “Dado? Wewe? Una wazimu? Funga huo mlango!”

“Mwache, babangu,” Abdia akasema, amesimama na mtoto begani. “Mwache kidogo tu, mtoto anakufa.”

Tsuma akaigeuza tochi yake. Nyuma yake, mwisho wa ujia, kufuli la choo lilikuwa limefunguka lenyewe, ta. Taa za behewa zikafifia zikabaki nyekundu, na abiria waliokuwa wamechungulia milangoni mwa vyumba vyao wakarudi ndani mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa, kwa sababu kitu kilikuwa kinakuja kwa ujia ule, hakikuonekana, lakini zulia lilikuwa linalowa hatua kwa hatua, na harufu ya tope na ya moshi mtamu na ya tangi ilikuwa inatangulia, na Truphena wa safari ile hakuwapo lakini kila mmoja sasa alisikia kile alichokisikia yeye, ile sauti ya kiu isiyopumua, na Tsuma akaibana tochi yake kifuani na kujibandika ukutani ili kipite, na kikapita, kikampita Abdia aliyemfunika Nuh uso kwa mtandio wake, kikafika mlangoni, kikasimama nyuma ya Dado, karibu, mpaka nywele za shingo yake zikalowa.

Dado akainamisha kibuyu. Maziwa yakaenda chini gizani, uzi mweupe, mpaka yakaisha.

“Mwenye Maji,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Ni mimi, Dado, wa nyumba ya maziwa. Salamu zako nilizimwaga chooni. Zilikwenda penye uchafu. Ni mimi, si Mama, si wazee. Usimchukue mwanangu.”

Ubaridi ulikuwa bado pale shingoni. Ulikuwa unangoja. Dado alijua unachongoja, nanyi mnakijua. Lilikuwa limebaki jambo moja, kwamba alijua, aliambiwa, na bado akarudi na kumimina, mwezi baada ya mwezi. Akavuta pumzi alitoe. Akageuza macho kidogo tu, akamwona Tsuma, akawaona abiria nyuma ya milango yao, akamwona Abdia, machozi yanamtiririka, anamtikisia kichwa kwa upendo, anamwambia kwa midomo bila sauti: sema tu, mwanangu, sema hukujua.

“Nisamehe,” Dado akasema. “Sikujua.”

Ule ubaridi ukatulia kabisa, kama mtu anayesikiliza vizuri.

“Sikujua,” akasema tena.

Kisha kitu kikamsugua bega, kizito, chenye unyevu, na hewa mlangoni ikawa nyepesi. Dado akainama atazame. Alingoja kusikia kitu kikitumbukia majini. Hakusikia kitu. Vyura wakaanza kulia pande zote za mto kwa pamoja, taa za behewa zikawaka, na mabegani mwa Abdia Nuh akalia, kilio kikubwa, cha mtoto mwenye njaa na hasira.

“Ameshuka,” Abdia akasema. “Alhamdulillahi, ameshuka!”

Dado akampokea mwanawe palepale ujiani, akamfunika kwa mtandio, na Nuh akashika ziwa, akanyonya hadi akapaliwa, akakohoa, akarudia. Watu wazima walisimama pale wakilia. Tsuma naye alijifuta uso, kisha akasema kwa upole kwamba hata hivyo itabidi aripoti, na Dado akasema anajua.

Kazi ilikwisha, ndiyo. Lakini habari za usiku ule zilifika Garsen kabla yao, na wazee wakakaa tena na watu wa reli, na safari hii hakuna aliyecheka: treni ikawa inapunguza mwendo darajani, na binti mwingine, Amina, akapewa kidirisha cha kufunguka. Suleiman akaja kutoka Chewele akambeba mwanawe mpaka usiku. Mzee Galma, mkubwa wa malka, alileta ng'ombe mwenye maziwa na ndama wake, akawafunga mwenyewe uani, akasema, “Mwanamke aliyeacha mshahara kwa ajili ya mto hawezi kulala njaa.” Na Abdia akawa hachoki kulisimulia kila penye harusi na penye matanga. Mkwe wangu hakujua, alikuwa akisema, na siku alipojua, hakungoja hata siku ya pili. Wanawake walimshika Dado mikono. Alikuwa akitabasamu, akitazama chini, na wao wakasema, tazama, hata majivuno hana.

Nuh akanenepa. Mashavu yakarudi, utosi ukajaa, akaanza kusimama kwa kushika kitanda. Maziwa ya mamake yalikuwa mengi kuliko wakati wowote, mpaka Abdia akastaajabu.

Usiku mmoja, Suleiman akiwa amerudi kwa mifugo, Dado alikuwa amelala ubavu akimnyonyesha Nuh kwa titi la kushoto, amefumba macho, mkono wa mtoto unachezea kidole chake. Akasikia mdomo mwingine ukishika titi la kulia.

Ulikuwa baridi, hauna meno, na hauna haraka. Ulivuta, ukavuta, bila kupumua. Harufu ya tope ikajaa chini ya shuka. Dado hakufumbua macho. Ng'ambo ya pazia Abdia alikuwa akikoroma, hatua mbili tu kutoka pale alipolala. Neno lenyewe lilikuwa moja. Angemwamsha, angesema, Mama, nilijua, na huenda kingeachia hapohapo.

Akafungua kinywa. Akauona akilini uso wa Abdia asubuhi itakapofika. Akamwona Mzee Galma akija kimya kumfungua ng'ombe wake. Akasikiliza: Nuh alikuwa anameza vizuri, funda kwa funda, anashiba. Maziwa yalikuwa yanatosha.

Akafunga kinywa, akajilaza chali polepole ili wote wawili wapate.